Tuache kusifu bunduki kuukuu, tuhesabu risasi

Kila zinapotufikia habari za uvamizi mwingine katika Bonde la Kerio, mjadala mmoja huzuka upya miongoni mwa wanafunzi wetu, hasa wale wanaotoka Marakwet, Pokot, Baringo na Turkana. Je, askari wa akiba anayekilinda kijiji kwa bunduki ya 303, silaha iliyobuniwa kabla babu yake hajazaliwa, amepewa kinga au ametolewa kafara? Upande mmoja hushikilia kwamba 303 ndiyo bunduki ya kweli: haikwami ovyo, hupiga mbali, na mwenye kuishika hana budi kuwa na shabaha. Upande wa pili hucheka. Hiyo, husema, ni fimbo ya makumbusho; mpe mtu AK-47 au G3, ama mwache na upinde wake.

Mimi si mwanajeshi wala sijapata kumiliki bunduki. Kazi yangu ni isimu, nayo humlazimu mtu kusikiliza namna watu wanavyosema kabla ya kuamua wamesema nini. Nimeusikiliza mjadala huu kwa miaka mingi, na naona kwamba wanaoisifu bunduki ya kale wana jambo la maana wanalolitafuta, ila wanalitafuta mahali lisipokuwapo.

Tuanze na sifa zenyewe, maana si za bure. Bunduki tunayoiita 303 ni Lee-Enfield ya Waingereza, ambayo jeshi lao liliipokea mwaka 1895. Jina lake la tarakimu latokana na upana wa tundu la mtutu, inchi 0.303, yaani karibu milimita 7.7. Ina uzito wa kilo nne hivi, kitako cha mbao, magazini ya risasi 10, na kipande cha chuma ambacho lazima kivutwe nyuma na kusukumwa mbele kwa mkono kila baada ya risasi moja. Historia yake inaigusa hata Uasin Gishu yetu kwa mbali. Makaburu waliopanda uwanda huu mwaka 1908 pamoja na Jansen van Rensburg walitoka katika nchi iliyopigana na Waingereza kati ya 1899 na 1902. Katika vita hivyo, Mauser za Kijerumani walizobeba Makaburu zilijazwa risasi tano kwa mkupuo, ilhali Lee-Enfield ilijazwa risasi moja moja. Waingereza walionja taabu ya tofauti hiyo, wakaibadili bunduki yao. Toleo hilo lililorekebishwa, pamoja na ndugu zake waliolifuata, ndilo walilobeba askari wa KAR huko Uhabeshi na Burma katika Vita Vikuu vya Pili, na ndilo lililoishia mabegani mwa polisi wa akiba, kikosi kilichoanzishwa hapa nchini mwaka 1948.

Ni silaha ngumu, hilo halina ubishi. Nchini Kanada, askari wa doria wanaolinda maeneo ya barafu ya kaskazini walipewa bunduki hizi tangu miaka ya 1940, nao hawakupewa nyingine badala yake hadi miaka ya 2010, kwa sababu chuma chake kilistahimili baridi inayozishinda silaha nyingi. Kitu kilichotumika kwa miaka 70 mikononi mwa watu wanaojua kazi yao hakiwezi kuitwa fimbo.

Lakini mvuto wa 303 hautokani na ugumu wake tu. Lugha yetu, nadhani, ndiyo inayotuonyesha kiini cha mvuto huo. Msamiati wa silaha katika Kiswahili ni kama matabaka ya udongo, kila enzi imeacha lake. Bunduki ni neno la Kiarabu. Risasi nalo ni Kiarabu, jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachotoka mtutuni. Gobori lilijazwa kwa mdomoni na kushindiliwa. Na kamusi za zamani zinatupa neno ambalo vijana wengi hawalijui kwa maana hii: kiasi. Kiasi cha bunduki kilikuwa baruti na risasi yake, kipimo cha mpigo mmoja. Neno lilelile tunalolitumia tunapomwambia mtoto ale kwa kiasi ndilo lililokuwa jina la kinachoua.

Sasa tazama vitenzi. Mwenye gobori au 303 hulenga, hupiga, hudungua. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kinadai mtendaji mmoja na mtendwa mmoja. Ilipokuja bunduki ya kufululiza, Kiswahili kiliiita rashasha, neno lenye asili ya Kiarabu katika maana ya kunyunyiza, na Mswahili tayari anayo rasharasha yake, manyunyu ya mvua. Magazeti yetu leo huandika kwamba mtu fulani alimiminiwa risasi. Mimina ni kitenzi cha maji, cha uji, cha chai. Tumekitia katika kauli ya kutendea, kisha katika kauli ya kutendwa, na katika habari nyingi za namna hiyo aliyemimina hatajwi kabisa. Sidhani kwamba waandishi wa habari walikaa kikao wakaamua hivyo. Lugha ilifuata silaha.

Hapo ndipo ulipo mvuto wa bunduki ya kale kwa wanaoisifu. Mzee anayesema kwamba enzi za 303 wezi wa mifugo walikuwa na adabu, kwa hakika anasema kwamba enzi hizo kila risasi ilikuwa na mwenyewe. Aliyefyatua alijua amefyatua mara ngapi, na kijiji kilijua, kwa sababu kilisikia. Mwalimu mmoja aliyefunza kwa miaka kadhaa upande wa Tot alinieleza kwamba wanafunzi wake wa darasa la sita walizitambua bunduki kwa sauti. Imla ingekatizwa na mlio kutoka mlimani, na kabla yeye hajaamua kama awalaze watoto sakafuni, mmoja angesema: hiyo ni G3, ni ya askari wa akiba, tuendelee. 303 waliijua kwa kimya kilichoifuata, kimya cha mtu anayevuta chuma nyuma ili apige tena. AK waliijua kwa kukosa kimya. Watoto hao walikuwa bado wanahangaika na upatanisho wa ngeli.

Hata hivyo tusidanganyike na adabu hiyo ya kale. Waliouawa katika misafara ya kuwaadhibu Wanandi, iliyofikia kilele chake baada ya Koitalel arap Samoei kupigwa risasi na Richard Meinertzhagen mnamo Oktoba 19, 1905, hawakuona heshima yoyote katika bunduki za enzi hiyo. Wala waliowindwa katika misitu ya Nyandarua katika miaka ya 1950 hawakuiona. Silaha ya kupiga moja moja haikumzuia aliyetaka kuua wengi. Ilimchosha mkono tu. Na isitoshe, anayesifu 303 leo aghalabu hulala Eldoret au Nairobi, si Chesongoch.

Kwa mintarafu ya manufaa, basi, jibu ni fupi. Katika uwanda ulio wazi, kwa mpigaji hodari, 303 inaweza kumfikia mtu aliye mbali kuliko AK, ambayo uhodari wake huanza kupungua baada ya mita 300 au 400. Lakini uvamizi wa mifugo haufanyiki uwandani kwa umbali wa kutazamana. Hufanyika alfajiri, katika vichaka vya miiba na makorongo, kwa hatua thelathini au hamsini. Hapo mwenye magazini ya risasi 30, na silaha inayoweza kutema takriban 600 kwa dakika, hahitaji shabaha. Hahitaji hata mafunzo ya maana. Bunduki ya Mikhail Kalashnikov, ambayo jeshi la Muungano wa Kisovieti liliipokea mwaka 1949, ilikusudiwa askari wa kawaida, si bingwa wa kulenga. Polisi wa stesheni ya reli ya Mumbai waliyaona hayo mnamo Novemba 2008, walipowakabili wavamizi wenye AK kwa 303 mikononi. Jimbo la Uttar Pradesh huko huko India liliendelea kuwapa polisi wake bunduki hizo hadi Januari 2020. Kumpa askari wa akiba 303 na kumpeleka mbele ya AK ni kumdhulumu, na anayeitetea dhuluma hiyo kwa sifa za mbao na chuma hajanishawishi.

Je, dawa ni kumpa silaha mpya na kumaliza maneno? Wanafunzi wa upande wa pili hudhani hivyo, na hapo nami naachana nao.

Wengi hutoa mfano wa Richard Leakey. Alipokabidhiwa idara ya wanyamapori mwaka 1989, walinzi wa mbuga walikuwa wakiwakabili wawindaji haramu wenye bunduki za kufululiza kwa 303 za kizamani. Walipewa silaha bora, na uuaji wa ndovu ukapungua sana. Ni kweli. Lakini mwaka uo huo biashara ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku duniani na bei ikaanguka, na walinzi wenyewe wakapata magari, ndege na uongozi wenye nidhamu. Ni vigumu kusema bunduki mpya ilichangia sehemu gani ya ushindi huo. Kwa upande mwingine, mnamo Novemba 2012 polisi waliotumwa Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, kufuata mifugo iliyoibwa walivamiwa na zaidi ya 40 wakauawa. Wale hawakubeba silaha za makumbusho. Walipelekwa katika bonde ambalo adui alilijua na wao hawakulijua, na bunduki zao, zilipoanguka, zikaingia mikononi mwa waliowaua.

Yapo mafunzo bora zaidi, nayo yako karibu nasi kuliko Mumbai. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, kompania nyingi za jeshi la Wajerumani huko Tanganyika zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, za risasi moja na baruti nyeusi. Kila askari alipofyatua, wingu la moshi lilimtangaza alipo. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga, wakakimbilia merikebu zao na kuacha nyuma bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu, bunduki za rashasha 16, na risasi 600,000. Kamanda Lettow-Vorbeck aliwavisha askari wake ngawira hiyo. Mwaka uliofuata meli ya Rubens ikazama katika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na shehena ya risasi. Wapiga mbizi wakaziopoa, zikafunguliwa moja moja na baruti ikaanikwa. Mnamo Novemba 1917 waliivamia kambi ya Wareno huko Ngomano, kando ya mto Ruvuma, wakajiandaa upya kwa bunduki za Kireno. Na walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, mnamo Novemba 25, 1918, karibu zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Kwa nini jeshi lilitupa bunduki zake lenyewe na kubeba za adui? Si kwa sababu zilikuwa nzuri zaidi. Ni kwa sababu risasi za adui ndizo zilizopatikana. Bunduki, ya kale au mpya, huishi miaka mingi. Risasi huishi mara moja. Anayezishika risasi ndiye anayeamua ni bunduki gani itasema na ipi itabaki gongo.

Tukirudi nyumbani na jambo hilo akilini, historia ya bonde letu inasomeka vingine. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoporomoka, kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi na Wakaramoja wakajichukulia bunduki kwa maelfu. Tangu hapo tumezoea kusema kwamba bunduki ndizo zilizoharibu mambo. Lakini zile za Moroto zina zaidi ya miaka 40 sasa. Zimezikwa, zimefukuliwa, zimerithiwa. Zingekuwa vyuma chakavu kama si risasi zinazoingia kila mwaka. Na katika muda huo wote serikali imekuwa ikifanya operesheni za kukusanya bunduki: Lotiriri huko Pokot mwaka 1984, Okota mwaka 2006, na Maliza Uhalifu iliyoanza Februari 2023 kwa kuyashirikisha majeshi ya ulinzi. Idadi ya bunduki zilizosalimishwa hutangazwa kwa fahari. Risasi hutajwa mwishoni, kama nyongeza.

Hapa lazima niseme kuhusu mji wetu, ingawa najua kwamba wapo watakaoona afadhali ningenyamaza. Eldoret ina kiwanda cha risasi. Kilijengwa katika miaka ya 1990 kwa utaalamu wa kampuni ya FN ya Ubelgiji, na habari zake zilipoenea mwaka 1996 palikuwa na kelele nyingi ndani na nje ya nchi. Ilielezwa kwamba kingeweza kutoa risasi milioni 20 kwa mwaka. Sikilaumu kwa kuwako. Nchi yenye jeshi itanunua risasi au itazitengeneza, na wapo majirani zangu wanaosomesha watoto kwa mishahara yake. Lakini mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilichapisha utafiti wa James Bevan uliofanywa Turkana Kaskazini. Alikusanya na kuchunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa raia, akasoma alama zilizopigwa kitakoni mwa ganda. Karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko kinyume cha sheria zilikuwa zimetengenezwa Kenya. Hazikuporwa ghalani. Utafiti ulieleza kwamba zilitolewa na polisi wenyewe kwa Waturkana ili wajilinde dhidi ya majirani wa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa polisi hawakuwa wa kutosha kuwalinda.

Naelewa sababu hiyo, na sidhani kwamba afisa aliyetoa risasi hizo alikuwa mwovu. Mtu anayeona kijiji kinateketea na hana askari wa kutuma atatoa alicho nacho. Lakini risasi ya G3 ikishatoka mkononi mwake haina kumbukumbu. Inaweza kumlinda mchungaji leo, kuuzwa kesho ili kununua unga, na kuingia shule ya jirani mwezi ujao. Mauaji ya Murkutwa ya Machi 2001, ambapo zaidi ya watu 40 waliuawa katika Bonde la Kerio, yalituacha na makaburi na hotuba. Sijapata kusikia hadharani hesabu ya maganda yaliyookotwa pale, na kila moja lilitoka kiwanda gani.

Jambo hili linawezekana. Kwa sasa alama kitakoni mwa ganda kwa kawaida huonyesha kiwanda na mwaka, basi. Haionyeshi risasi ilipelekwa kituo gani cha polisi. Brazil, nchi ambayo haina upungufu wa bunduki, ilipitisha sheria mwaka 2003 inayotaka risasi za vyombo vya dola zitiwe namba ya fungu kwenye ganda. Diwani wa Rio de Janeiro, Marielle Franco, alipouawa mwezi Machi 2018, maganda yaliyookotwa barabarani yalionyesha kwamba fungu hilo lilikuwa limeuzwa kwa polisi wa shirikisho mwaka 2006. Alama hiyo peke yake haikumtaja muuaji, lakini iliwalazimisha wakubwa kueleza jinsi risasi zao zilivyofika pale.

Kenya ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, na chini yake bunduki za serikali zimekuwa zikitiwa alama. Mwaka 2021 tulifungua kiwanda cha bunduki kule Ruiru, chenye uwezo wa kutoa 12,000 kwa mwaka, na wengi walishangilia kwamba sasa tutajitengenezea silaha mpya. Mwaka 2019 askari wa akiba walinyang'anywa bunduki, kisha baadaye wengine wakarudishiwa. Mazungumzo yote hayo ni ya bunduki: ipi, ya nani, ngapi. Wanafunzi wangu nao wamerithi mazungumzo hayo, ndiyo maana hubishana kuhusu 303 na AK kama mashabiki wa timu mbili.

Mimi ningependa mzee wa Marakwet apate kile anachokitamani anapoikumbuka 303, yaani risasi yenye mwenyewe. Hakihitaji bunduki ya mwaka 1895. Kinahitaji namba ya fungu kwenye kila ganda linalotoka Eldoret, daftari katika kila kituo linaloonyesha askari wa akiba alipewa ngapi na amerudisha maganda mangapi, na mtu wa kulikagua. Wabunge wa kaunti zetu wana haki ya kuliuliza jambo hili kwa wizara ya ulinzi na ile ya usalama katika kikao chochote watakacho: mwaka jana zilitoka risasi ngapi hapa mjini, zilipelekwa vituo gani, na ngapi kati yake vituo hivyo vinaweza kusema ziko wapi.